Wifi na Maji ya Magadi

Maji ya kisima kile yaliivisha maharage upesi mno. Hilo ndilo jambo la kwanza wifi yangu aliloniambia siku niliyoingia nyumbani kwake, hata kabla hajaniuliza kwetu ni wapi. Alifunua chungu, akatoa punje moja, akaibonyeza kwa vidole, ikapasuka.

"Umeona? Nimeyabandika sasa hivi tu. Maji yetu hayataki magadi, wifi. Magadi yamo humohumo."

Yeye alisema "mahalage", kama walivyosema Wasukuma wengi pale kijijini. Baadaye tulipozoeana nilikuwa namtania, naye ananitania kwa lafudhi yangu ya Kihaya, tunacheka mpaka watoto wake wanakuja kuchungulia mlangoni kuna nini.

Hakuwa wifi wa damu. Nilipelekwa pale kuwa bibi shamba wa kijiji, msichana niliyetoka chuo cha kilimo juzijuzi, na sanduku la bati na viatu vilivyonibana. Kwetu Bukoba ni migomba na kahawa. Pamba niliijua kwa darasani na kwa shamba la chuo. Nilivuka kwa kivuko toka Kigongo, nikashukia Busisi, nikapakiwa kwenye lori la mbegu, na kabla ya kufika Sengerema nikateremshwa njiani, ambako mtu mwenye baiskeli alikuwa ananisubiri. Kijiji hakikuwa na nyumba ya mtumishi. Mwenyekiti wa kijiji akasema nitalala kwake. Jioni hiyohiyo aliwaita majirani, akasimama mbele ya nyumba yake akaniwekea mkono begani.

"Huyu ametoka mbali, ameacha wazazi wake. Kuanzia leo ni dada yangu. Mwenye neno naye aje kwangu kwanza."

Basi akawa kaka, na mke wake akawa wifi. Nilikuwa mwanamke peke yangu ugenini, na maneno yale yalinishibisha kuliko ugali.

Watu wa kijiji kile hawakuwa wamechagua kukaa pale. Walikuwa wametolewa ufukoni mwa ziwa wakati wa kuhamia vijijini, wakapangwa kando ya barabara ili shule na zahanati ziwafikie. Waliahidiwa bomba la maji. Bomba halikuja, wakachimba kisima, wakapata maji yenye ladha ya magadi. Wazee waliyakataa kwanza, halafu kiu ikawashinda. Waliobaki wakilalamika walikuwa wenye ng'ombe wengi, ambao mifugo yao iliendelea kunywa kwenye lambo dogo lililokuwa chini ya mashamba.

Shida kubwa ilikuwa pamba. Mwaka uliotangulia, shamba la ujamaa lote lililiwa na funza wa vitumba. Dawa ilikuwa imeletwa, imepulizwa kwa zamu, na funza wakaendelea kula kama hakuna kilichotokea. Wakubwa wa wilaya walipokuja kukagua hawakutaka kusikia habari za funza. Walisema kijiji kimeuza dawa. Kaka alinihadithia jambo hilo tukiwa tunakula, na mkono wake ukasimama juu ya bakuli la mboga.

"Waliniita mwizi mbele ya watoto wangu, bibi shamba. Mimi niliyepima pamba ya watu miaka mingi bila kugusa mizani. Mwaka huu funza wakirudi, watanitoa, na sijui watanipeleka wapi. Nisaidie."

Nilikwenda kuangalia jinsi wanavyochanganya dawa. Walikuwa wanajaza pipa kisimani jioni, wanatia dawa, wanaiacha ilale, asubuhi wanajaza mabomba ya mgongoni na kuingia shambani. Nilimwona mpulizaji mmoja akinyunyizia mche, nikasubiri. Nilifungua ua la pamba mchana. Funza alikuwemo, mzima, mnene, anakula.

Hapo nikakumbuka chungu cha maharage. Chuoni mwalimu alikuwa ametuambia, kwa haraka haraka mwisho wa kipindi, kwamba ziko dawa zinazokufa ndani ya maji ya magadi, na kadiri zinavyokaa ndivyo zinavyokufa. Nilikuwa na karatasi za litmasi kwenye sanduku, za kupimia magadi na uchachu, zile nyekundu na za bluu ambazo tulipewa za kujifunzia. Nilichota maji kidogo kwenye kikombe, nikachovya nyekundu. Iligeuka bluu palepale.

"Ni nini hiyo?" wifi akauliza. Alikuwa ameinama karibu nami, mtoto mgongoni.

"Karatasi inasema ulichosema wewe. Maji yana magadi. Na magadi yanaiua dawa kabla dawa haijamuua funza."

Alicheka akapiga makofi. "Kwa hiyo hawakuuza dawa!"

"Hawakuuza."

Alimwita mumewe aje aone. Tulirudia na karatasi nyingine mbele yake, na tena na maji ya mvua yaliyokuwa kwenye mtungi, ambayo hayakuigeuza. Kaka alishika zile karatasi mbili kiganjani, akazitazama muda mrefu. Sikuwahi kumwona mtu mzima akikaribia kulia kwa sababu ya karatasi.

Niliwaambia kwanza waache kulaza dawa. Wachanganye asubuhi na kupuliza mara moja. Ilisaidia kidogo, haikutosha. Maji yenyewe yalihitaji kupunguzwa ukali wa magadi, na kinachopunguza magadi ni kitu kichachu. Tulijaribu ndimu. Wifi alikamua mpaka vidole vikamchonyota, na ndimu za kijiji kizima zisingetosha hata pipa moja. Tukajaribu ukwaju, ambao kule ni mwingi. Ulifanya kazi lakini nyuzi zake zikaziba tundu za mabomba, na wapulizaji wakanitukana kwa Kisukuma wakidhani sielewi.

Nikaandika ombi wilayani, nikaomba tindikali na maelekezo. Sikujibiwa. Nikaandika tena. Funza walikuwa wameanza kuonekana kwenye vitumba vya juu.

Siku moja kaka alirudi kutoka safari na chupa kubwa ya kioo, iliyosukiwa kikapu, mdomo umezibwa kwa plastiki na kamba. Aliishusha kwa uangalifu kama anashusha mgonjwa.

"Asidi ya betri," akasema. "Kwenye karakana ya matrekta kuna fundi ambaye ni mtu wangu. Usiniulize zaidi."

"Kaka, tungesubiri kibali."

"Funza nao watasubiri kibali?"

Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Aliiweka kwenye banda lake la kuhifadhia pamba, akafunga mlango kwa kufuli.

Tangu hapo asubuhi zangu zikawa za namna moja, na nikisema kweli zilikuwa asubuhi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya kazi. Tukiamka, wifi na mimi tulivingirisha pipa mbali na kisima, upande wa mashamba, kwa sababu nilikataa kabisa asidi isogee karibu na maji ya kunywa. Tulilijaza kwa ndoo. Nilimfundisha kwamba asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi, kwa sababu ikirukiwa na maji hutema mate ya moto. Nilimfundisha kusimama upande unakotoka upepo. Tulipimia kwa kizibo cha chupa ya soda. Ukitia, vipovu vidogo vilipanda juu na sauti ya kunong'ona, na wifi alipenda kuinama asikilize.

"Yanazungumza," alisema.

"Usiweke uso hapo!"

"Yanasema bibi shamba ana woga."

Nilichovya karatasi nyekundu. Ikigeuka, tukaongeza kizibo. Nikachovya nyingine, mpaka nyekundu ikabaki nyekundu na bluu ikabaki bluu. Hapo ndipo tulipowaita wapulizaji waje na dawa. Karatasi zilipokaribia kwisha nilizikata kwa mkasi vipande vyembamba kama njiti. Wifi aliweza kazi ile vizuri sana. Siku nilizopata homa aliifanya peke yake, na pipa halikukosewa.

Wiki chache baadaye nilifungua vitumba mstari baada ya mstari nikakuta funza wamekauka ndani. Kaka alitembea shambani mikono nyuma, anahesabu vitumba vizima kwa midomo, bila sauti. Siku hiyo wifi alipika samaki aina ya furu kwa karanga, na tukala michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na chai mpaka giza likaingia. Nilimwandikia mama yangu kwamba nimepata ndugu.

Ng'ombe walikufa katikati ya msimu. Walikuwa wa mzee mmoja aliyekaa upande wa lambo, mtu wa ng'ombe kweli, aliyewaita kwa majina na kuwaimbia. Walirudi jioni wakitetemeka, wakaanguka mmoja mmoja mbele ya zizi. Nilikimbia kuwaona. Povu lilikuwa linawatoka mdomoni. Nilimuuliza mchungaji walikokunywa, akasema lamboni kama kawaida. Nilishuka mpaka lamboni, nikakuta matope ya ukingoni yana nyayo za watu na ule weupe wa dawa ya pamba, na harufu yake. Wapulizaji walikuwa wamechoka kubeba maji, wakaenda kuosha mabomba yao mlemle. Nilikuwa nimewakataza zaidi ya mara moja.

Nilimweleza kaka usiku uleule. Akasema, "Nimesikia. Tutalizungumza."

Lakini kijijini maneno mengine yalikuwa yameshatangulia. Mtu fulani alikuwa ametuona asubuhi na chupa ya kioo. Asidi! Wengine walijua inavyotoboa nguo. Kesho yake mchana zilifika gari mbili. Katibu kata katika moja, na katika nyingine afisa kutoka wilayani pamoja na mgambo. Ringi ya gari iliyokuwa kengele yetu ikagongwa. Watu wote wakakusanyika mbele ya ghala la pamba, wanawake upande mmoja wamekaa chini na watoto wao, wanaume wamesimama.

Asubuhi hiyo wifi alikuwa ameniambia nishuke kwenye bustani ya shule nikachume mchicha, wageni wa wilayani waliotuma taarifa watahitaji kula. Nilikwenda. Sikufikiri lolote.

Afisa alianza na swali ambalo sikulitarajia. Hakuuliza habari za ng'ombe. Karakana ya matrekta ilikuwa imekosa asidi, na fundi alikuwa ameshakamatwa. Alitaka kujua asidi ya umma ilifikaje pale. Aliwatuma mgambo wakague nyumba ya mwenyekiti. Nilitulia, nikamtazama kaka nikidhani sasa atasimama na kueleza: alitetea shamba la wote, hakuichukua kwa faida yake. Nilidhani hata afisa ataelewa.

Mgambo alirudi na ile chupa kubwa mikononi.

"Imetoka wapi?" afisa akauliza.

"Chumba cha bibi shamba, ndugu. Chini ya kitanda."

Nilifikiri amekosea mlango. "Haikuwa kwangu," nikasema. "Ilikuwa bandani, chini ya kufuli. Mwenyekiti ndiye aliyeileta. Mwambie, kaka."

Kaka alikuwa anatazama ncha za viatu vyake. "Mimi sina habari na chupa hiyo," akasema. "Bibi shamba ni mtaalamu. Vitu vya kitaalamu anavijua yeye."

Hata hivyo sikunyamaza. Wakati ule nilikuwa na ulimi. Nilisimama nikawaeleza watu wote, moja baada ya jingine: kwa nini dawa haikufanya kazi mwaka uliopita, kwamba hawakuwa wezi, kwamba asidi ilitiwa kwenye pipa tu, vizibo vichache, ili kuyavunja magadi, na kwamba maji ya pipa yakishapimwa hayakuwa na ukali wa kumdhuru hata kuku. Niliwaeleza habari za lambo. Nikasema wapulizaji waulizwe waliosha wapi mabomba. Wanaume wakageuka kuwatazama wapulizaji. Mmoja wao, kijana mrefu, akainamisha kichwa. Mzee mwenye ng'ombe akamwona.

"Ni kweli mliosha lamboni?" mzee akauliza, kwa sauti ndogo kabisa.

Kijana akarudi nyuma ya wenzake, na kila mtu aliona. Katibu kata akaanza kutikisa kichwa kama mtu anayeelewa jambo. Nikapata nguvu.

"Na kuhusu asidi, kama hamniamini mimi, muulizeni wifi yangu. Tulikuwa naye kila asubuhi. Yeye mwenyewe alipimia kwa mkono wake. Anajua nani aliileta na tuliitia wapi. Wifi, simama uwaambie."

Wifi alikuwa amekaa mbele kati ya wanawake. Alisimama taratibu, akajifunga upya khanga kiunoni. Alinitazama usoni. Ninaukumbuka uso ule: haukuwa na hofu, wala haukuwa na machozi.

"Mimi niliambiwa nishike ndoo, nikashika," alisema. "Sikusoma. Sijui hiyo ni nini. Lakini kwa kuwa mmeniuliza, sitaficha. Nilimwona asubuhi moja anaimimina kisimani. Niliogopa kusema kwa sababu ni mtumishi wa serikali."

Sijui kama nilisema kitu. Ninakumbuka wanawake. Mmoja alitema mate chini, akatema tena, akamshika mtoto wake taya akamfungua mdomo amwangalie ndani. Mwingine akaanza kulia kwa sauti kwamba alikunywa asubuhi, watoto wote walikunywa asubuhi. Kilio kikashika kutoka huyu hadi huyu. Hakuna aliyekumbuka tena lambo wala kijana mrefu. Mzee mwenye ng'ombe alinyanyua fimbo, na kama katibu kata asingejitia katikati angenipiga, na nisingemlaumu, kwa kuwa alikuwa ameambiwa nimewanywesha wajukuu zake sumu.

Niliita, "Wifi!" Nadhani niliita mara nyingi. Alikuwa ameshakaa chini, amempakata mtoto wake, anamfuta kamasi.

Katibu kata aliniamuru nikachukue vitu vyangu na kupanda gari mara moja, kwa usalama wangu. Nilikusanya nguo nikazisokomeza sandukuni. Ule mchicha nilioutoa bustanini ulikuwa bado umelala kwenye ungo mlangoni. Wifi alikuwa amerudi, yuko nyuma ya nyumba anatwanga mtama. Nilipita kando yake, karibu kiasi cha kuweza kumgusa. Mchi ulipanda ukashuka, ukapanda ukashuka, wala haukukosa pigo hata moja. Kaka hakuonekana.

Hawakunishtaki. Afisa, nadhani, alijua kwamba kesi ingezaa maswali kuhusu barua zangu ambazo hazikujibiwa. Nilipewa karipio na kuhamishiwa Mwanza mjini, kwenye stoo ya mbegu, ambako kwa miaka kadhaa nilishona viraka vya magunia na kusikiliza panya. Wenzangu niliosoma nao walipanda vyeo. Mimi nilipoingia ofisini watu walipunguza sauti. Nilikuwa yule aliyetia asidi kisimani. Mchumba niliyekuwa naye Bukoba alisikia hadithi hiyo kutoka kwa msafiri melini, akaacha kuniandikia. Pamba ya kijiji kile ilitoka vizuri mwaka huo. Nilisikia mwenyekiti alipongezwa.

Kwa muda mrefu nilimchukia kaka, kwa sababu ilikuwa rahisi. Niliamini yeye ndiye aliyehamisha chupa, na kwamba wifi alisukumwa. Kwamba usiku ule alimkaba kwa maneno, akamfundisha la kusema. Mwanamke mwenye watoto wadogo, mume karibu kufungwa, angefanyaje? Nilimtungia utetezi wote huo peke yangu, juu ya magunia. Nilihitaji angalau mmoja wao abaki mtu wangu.

Tulionana tena baada ya miaka, hospitalini Sengerema. Shangazi yangu, aliyekuwa ameolewa upande huo, alilazwa, nikavuka kwenda kumuuguza. Wodini, kitanda cha tatu kutoka mlangoni, nilimwona mwanamke amekaa sakafuni anakamua kitambaa kwenye beseni. Nilimtambua kwa mgongo. Aliyelala alikuwa mama yake mzazi, bibi ambaye zamani alikuwa akija kututembelea na kunisalimu "mwangaluka", salamu ya asubuhi, hata ikiwa jioni, kwa kuwa alijua ndilo neno la kwanza la Kisukuma nililojifunza.

Nilimwamkia bibi. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akaitikia, hakunitambua.

Wifi aligeuka. Alikuwa amekonda. Tulitoka nje ya wodi bila kuambiana, tukasimama barazani ambako watu walikuwa wameanika khanga.

"Kaka hajambo?" niliuliza. Ndivyo nilivyolelewa, huanzi na lako.

"Yupo. Macho yamepungua."

"Najua alikulazimisha," nikasema. "Nilitaka ujue kwamba najua. Nimekuwa nikisema moyoni, ile chupa aliihamisha yeye, na yale maneno alikupa yeye."

Angeweza kuitikia tu. Ingekuwa rahisi kwake, na mimi ningeondoka na kitu mkononi. Aliniangalia kwa namna ileile ya siku ya mkutano.

"Hakuniambia kitu," alisema. "Alikuwa amekaa kitandani anatetemeka, anasema ataenda kukiri. Chupa niliihamisha mimi, ulipokwenda kuchuma mchicha."

"Na kisima?"

"Hilo nilikuwa sijalipanga. Nilidhani chupa itatosha. Halafu ukaanza kueleza. Unaeleza vizuri, wifi, wewe ni mwalimu. Nikaona mzee anamtazama yule kijana. Nikaona watu wanaanza kukuamini. Wakikuamini habari za lambo, watakuamini na habari za chupa. Basi nikatafuta neno ambalo likishasemwa hakuna atakayesikia jingine."

"Ulijua hakuna hata tone lililoingia kisimani."

"Nani angejua kuliko mimi? Walikifukia, unajua? Wiki hiyohiyo, kwa mawe na miiba. Tukarudi kuchota ziwani. Nilikwenda nao kila siku, kwenda na kurudi, na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Nilipita hapo pamefukiwa, maji mazuri yamelala chini, na sikuweza kumwambia mtu." Alisema hivyo kama mtu anayeonyesha kovu, na nilielewa kwamba alitaka nimhurumie. Labda alistahili. Sikuweza.

"Niliandika kwetu," nikasema. "Nilimwandikia mama yangu nimepata ndugu."

"Ulikuwa ndugu," akasema. "Lakini ungeondoka siku moja. Bibi shamba wote huhamishwa. Mimi ningebaki pale na watoto, baba yao yuko jela. Ungekuwa wewe ungechagua nani?"

"Sijui."

"Mimi najua. Ningefanya tena vilevile."

Hakuomba msamaha, nami nashukuru hakuomba, kwa sababu ningelazimika kujibu. Kutoka ndani mama yake akaita kwa sauti ya kukwaruza. Tulirudi. Bibi alikuwa ameloanisha shuka na alikuwa mzito, wifi hawezi kumnyanyua peke yake. Nesi alikuwa mbali. Nilipitisha mikono yangu chini ya kwapa za bibi, nikamwinua, wifi akavuta shuka chafu na kutandika safi. Tulifanya upesi, bila kugongana, kila mmoja akijua mkono wa mwenzake utakuwa wapi. Hilo liliniuma kuliko yote aliyokuwa ameyasema nje.

"Mungu akubariki, mwanangu," bibi aliniambia. "Wewe ni nani?"

Wifi alifungua mdomo. Nilimtangulia.

"Ni mgeni tu, bibi," nikasema. "Nimekuja kumwona shangazi yangu."

Nilinawa mikono nikaenda kwa shangazi. Uji wake ulikuwa umeshapoa kwenye kikombe, umefanya ngozi juu. Niliiondoa ngozi kwa kijiko, nikamkalisha, nikaanza kumlisha.